Agizo la Moja kwa Moja

Taifa letu limepiga hatua ambayo mataifa mengine bado yanaiota. Kuanzia msimu uliopita, mwananchi yeyote anayeishi nje ya mipaka yetu, awe anaosha vyombo hotelini au anafundisha chuo kikuu, ana haki ya kutazama mechi za ligi yetu kwenye simu yake, chini ya uangalizi wa Serikali. Mimi ndiye Kaimu Mkurugenzi wa Kurugenzi ya Mashabiki Walio Nje ya Mipaka. Naandika haya kwa sababu mitaani yamesemwa mengi, na mengi yake ni uzushi wa watu waliokosa kazi.

Huduma ilizinduliwa na Mheshimiwa Waziri mwenyewe, katika ukumbi wa wizara, mbele ya waandishi wa habari na keki yenye umbo la mpira. Mheshimiwa alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akaikazia macho kamera, akasema kwa ile sauti yake ya kutoka tumboni:

"Ndugu zetu mlio mbali, sikilizeni, na mimi nikisema nimesema. Mechi zote mtakazoonyeshwa zitakuwa moja kwa moja!"

Makofi yalipigwa mpaka keki ikatikisika. Mimi nilikuwa wa kwanza kuanza na wa mwisho kuacha, kama inavyompasa mtu anayekaimu.

Lakini makofi si utekelezaji. Kesho yake tulikutana ofisini kwetu, ghorofa ya tatu, katika chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Stoo ilihamishwa, viti tukaachiwa. Tulikuwa watatu: mimi, Mwanasheria wa Kurugenzi, naye ni mama mwenye miwani ya kuning'inia shingoni ambaye hajawahi kutamka neno "labda" tangu azaliwe, na Fundi Mitambo, ambaye ndiye mwenye swichi ya kuwasha na kuzima matangazo, na ambaye hupenda zaidi kuizima.

"Ajenda ni nyepesi," nikasema. "Tunarusha mechi laivu."

Mwanasheria akavua miwani. "Nani kasema laivu?"

"Waziri. Si amesema moja kwa moja?"

"Amesema moja kwa moja, ndiyo. Juzi juzi alipofungua kile kiwanda cha mabati, alisema tukio linarushwa mubashara. Kwa hiyo mubashara analijua. Mbona safari hii hakulitumia?"

Nikafungua daftari, nikaandika neno mubashara, nikalipigia mstari.

"Kwenye sheria, Kaimu, mtu akibadilisha neno amebadilisha maana. Hatuwezi kumchukulia Waziri mzima kama mtu anayeropoka. Sasa hebu niambie. Timu hii ikipata bao moja, na ile ikapata bao moja, matokeo tunayasomaje?"

"Moja kwa moja!" akadakia Fundi Mitambo.

"Basi. Mechi zote watakazoonyeshwa zitakuwa moja kwa moja. Hapo mnataka nitafsiri nini tena?"

Fundi Mitambo alipiga hesabu haraka kichwani. Kwa wiki ligi ina mechi tele, na zinazoisha moja kwa moja ni mbili, zikizidi sana tatu. Nyingine zote angekuwa nyumbani kwake, miguu juu ya stuli.

"Bosi," akaniambia kwa unyenyekevu mkubwa, "mimi naona Mheshimiwa ameona mbali sana."

Nikapendekeza, kwa tahadhari zote, kwamba pengine tukamuulize mwenyewe alikuwa na maana gani. Fundi Mitambo akasogeza kiti chake mbali na changu.

"Unataka uende," akasema Mwanasheria polepole, "ukamwambie Mheshimiwa kwamba hakueleweka?"

Nikaangalia mlango wa ofisi yangu, ambako neno "Kaimu" limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la cheo chenyewe. Nikaondoa pendekezo langu, nikaomba lisihesabiwe kuwa liliwahi kutolewa.

Utekelezaji ulianza mara moja. Kwa kuwa huwezi kujua kama mechi ni moja kwa moja mpaka iishe, tulikuwa tunasubiri refa apulize filimbi ya mwisho, tunathibitisha matokeo, ndipo mechi iliyotimiza masharti inarushwa. Mechi za moja kwa moja zikawa zinawafikia wananchi kesho yake, baada ya chakula cha mchana. Zilizoisha mbili kwa moja, tatu bila, au zile aibu za tano kwa nne, tulizifungia.

Wapo waliopiga simu kutushukuru kwa lugha ngumu. "Nyie watu mna akili timamu kweli?" aliuliza mmoja, nasi tukamweka katika kundi la waliotoa maoni. Mwingine, dereva wa lori, alilalamika kwamba kila mechi anayoiona anajua itaishaje kabla haijaanza. Nikamwelimisha kwamba huo unaitwa uhakika wa huduma. Nchi ngapi zinaweza kumhakikishia shabiki wake kwamba hatafungwa? Sisi tuliweza. Msimu mzima hakuna mwananchi wetu hata mmoja ughaibuni aliyeshuhudia timu yake ikipoteza mechi. Mimi hayo nayaita mafanikio, na atakayebisha aje ofisini.

Habari zikamfikia Mheshimiwa. Akaniita. Ofisi yake ina zulia zito kiasi kwamba mtu anaingia bila hata yeye mwenyewe kuzisikia hatua zake.

"Kaimu," akasema, "naambiwa wenzetu kule nje wanaona sare tu. Tena moja moja."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Kama ulivyoagiza."

"Nilivyoagiza?"

"Siku ya uzinduzi, Mheshimiwa. Mechi zote mtakazoonyeshwa zitakuwa moja kwa moja."

Alinitazama. Akatazama dari. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekaa akakuta kiti kiko chini kuliko alivyotegemea. Nilijua kuna maneno mawili matatu ambayo angeweza kuyasema pale, na sote tungerudi kwenye kazi ya kawaida kama watu wengine. Akakohoa.

"Hasa," akasema. "Ndivyo nilivyoagiza. Nilitaka tu kuona kama mmenielewa."

"Tumekuelewa asilimia mia, Mheshimiwa."

"Vizuri sana. Endeleeni hivyo hivyo."

Tangu siku hiyo agizo likawa falsafa. Kwenye makongamano Mheshimiwa alisimama akaeleza kwa vidole viwili: moja kwa huyu, moja kwa yule, hakuna mnyonge, hakuna mbabe, huo ndio utu wetu. Chuo kimoja kilimvisha joho kwa ajili ya vidole vile viwili. Na tulipogundua kwamba watazamaji uwanjani wanapiga picha kwa simu na kuwatumia ndugu zao nje mechi za tatu bila, zisizo na kibali chochote, Mheshimiwa alipiga marufuku simu viwanjani. Walinzi wakawa wanawapapasa watu getini hadi kwenye kofia.

Sasa nije kwenye suala la Mama Mlango, maana ndilo lililopotoshwa zaidi.

Simu ya kwanza aliipiga asubuhi, nikaipokea mwenyewe.

"Halo, hapo ni serikalini?"

"Ni Kurugenzi ya Mashabiki Walio Nje ya Mipaka, Kaimu Mkurugenzi anazungumza."

"Hujambo baba."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mimi ni mama yake Mlango, yule kipa wa Wapagazi. Niko huku nje, namtunza bibi mmoja mgonjwa. Nimejiandikisha kwenye hiyo huduma yenu, nafungua kila wiki, timu zote naziona, ya mwanangu siioni. Kuna nini?"

Nikamwomba asubiri, nikaangalia matokeo ya Wapagazi. Moja bila. Mbili bila. Bila kwa bila. Moja bila. Mpenzi yeyote wa mpira anajua kwamba kijana huyo aliitwa Mlango kwa utani, kwa sababu mashabiki wake walikuwa wakiimba kwamba huu ndio mlango pekee duniani usiofungwa. Na kweli, msimu ule hakuwa amefungwa hata bao moja.

"Mama," nikasema, "nimeona tatizo. Tatizo ni mwanao."

"Toba! Kafanya nini?"

"Hafungwi."

"Si ndiyo kazi yake?"

"Kwa klabu ndiyo kazi yake. Kwa Kurugenzi ni kikwazo. Upande mmoja ukibaki bila, mechi haiwezi kuwa moja kwa moja."

"Kwa hiyo ili mimi mama yake nimwone, lazima afungwe?"

"Mara moja tu, mama. Na wenzake wafunge moja. Wasizidishe, wasije wakaharibu."

Nilitegemea anitukane. Hakunitukana. Alisema kwa sauti ya chini, "Baba, nilimwacha anadaka mpira wa matambara, kavaa soksi zangu mikononi. Wenzake walikuwa wanamcheka. Picha zake ninazo nyingi, natumiwa na watu, lakini kasimama tu, kama yuko studio. Mimi nataka kumwona anaruka."

Iliniuma, sikatai. Ofisa naye amezaliwa na mama. Lakini agizo ni agizo, nikamshauri azungumze na kijana.

Akazungumza naye. Katika nusu fainali, maana ligi yetu humalizwa kwa mtoano, uwanja mzima ulishuhudia jambo la ajabu: mpira umepigwa kulia, Mlango akajirusha kushoto makusudi kabisa, mpira ukagonga mwamba, ukarudi, ukampiga kisigino, ukatoka nje. Watu wakambeba juu juu kwa ufundi ule. Mama akanipigia.

"Kasema kajaribu, baba. Nia anayo, ila mwili haujui kufungwa." Halafu sauti ikabadilika. "Na kuna jingine. Goti. Daktari kamwambia limebakiza mechi moja tu, baada ya hapo avue glavu moja kwa moja. Ni hiyo fainali. Nisipomwona siku hiyo sitamwona tena. Nifanyie mpango, mwanangu."

"Mama, una bahati," nikamwambia. "Siku ya fainali Mheshimiwa Waziri anakuja kwenye mji huo huo uliopo wewe, na ujumbe mzito, kuwaonyesha wananchi fainali kwenye ukumbi, skrini ukuta mzima. Nakuwekea kiti. Matokeo yakifika moja kwa moja, utamwona mwanao mkubwa kama nyumba."

"Na yasipofika?"

"Tuombe yafike, mama."

Fainali ilikuwa kati ya Wapagazi na Nyuki. Na Nyuki, asiyejua na ajue, mlezi wake ni Mheshimiwa. Skafu ya njano na nyeusi anayo ofisini, kwenye gari na, nasikia, hata bafuni. Hajawahi kukosa mechi ya Nyuki. Hukaa jukwaa kuu, kiti cha ngozi, maji baridi mkononi. Lakini ratiba ya safari ilipangwa na watu wa itifaki, ambao mpira hawaujui, na yeye mwenyewe alikuwa ameshazitangaza tarehe. Haikumpitikia yeyote kichwani, si mimi, si Mwanasheria, kwamba Waziri akivuka mpaka anakuwa mwananchi aliye nje kama mwananchi mwingine yeyote.

Kwa kuwa huwezi kuwakusanya watu ukumbini leo ukawaonyesha kesho, Mwanasheria alitoa ufafanuzi maalumu kwa ajili ya fainali: picha itafunguliwa pale tu matokeo yatakapokuwa moja kwa moja, na itafungwa pale tu yatakapoacha kuwa hivyo. Kabla na baada ya hapo skrini itaonyesha nembo ya wizara, pamoja na muziki wa kutuliza. Yeye na Fundi Mitambo walibaki nyumbani kwenye swichi. Mimi nikasafiri na ujumbe.

Ukumbi ulijaa mchana ule. Watu walivaa jezi juu ya majaketi, wengine wamekuja na watoto mgongoni. Mama Mlango alikaa safu ya tatu, ubavuni mwa ukuta, mwanamke mdogo wa umbo, mkoba kaukumbatia mapajani. Nilimtambua kwa sauti aliposalimiana na jirani yake.

Mpira ukaanza huko nyumbani. Ukumbini ikaanza nembo.

Mheshimiwa, akiwa safu ya mbele na skafu yake, aliitabasamia nembo kwa muda mrefu. Mwisho akaniinamia.

"Kaimu, mbona nembo?"

"Bado ni bila kwa bila, Mheshimiwa. Haijatimiza agizo."

"Lakini Nyuki si wanacheza?"

"Wanacheza sana, Mheshimiwa."

"Sasa mimi nitawaonaje?"

"Kwa utaratibu, Mheshimiwa."

Kipindi cha kwanza kikaisha kwa nembo. Kipindi cha pili kikaendelea kwa nembo. Watu walianza kupiga miluzi, na mmoja wa nyuma akauliza kwa sauti kama hiyo nembo inacheza namba ngapi. Ghafla ubavuni mwa ukuta zikapigwa kelele za furaha, na sauti ya Mama Mlango ikasikika juu ya zote: "Wamefunga! Wenzake mwanangu wamefunga!"

Sote tukageuka. Mama alikuwa ameshika simu. Mdogo wake, mama mdogo wa Mlango, anaishi mji ule ule ulikochezwa fainali. Alikuwa ameipitisha simu getini ndani ya mtandio, akaenda kusimama nyuma ya goli la Wapagazi, na sasa alikuwa anampigia dada yake kwa video. Picha ilicheza cheza, na juu yake zilining'inia nyuzi za mtandio, lakini uwanja ulionekana. Kisheria ilinipasa niitaifishe simu ile papo hapo, na niseme kweli, niliinuka kwa nia hiyo. Bahati mbaya watu walikuwa wameshamzunguka safu kwa safu, na kiwiko cha kwanza kilichonikuta hakikuwa na heshima kwa cheo.

Nikarudi. Jasho jembamba lilikuwa linamtoka Mheshimiwa.

"Wapagazi wanaongoza?"

"Moja bila, Mheshimiwa."

"Mpigie Fundi. Awashe."

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje.

"Fundi, Mheshimiwa anasema uwashe."

"Matokeo, bosi?"

"Moja bila."

"Basi haiwezekani. Agizo ni moja kwa moja."

Mheshimiwa akaninyang'anya simu. "Wewe! Mimi ndiye niliyeagiza!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na mimi ndiye ninayetekeleza."

Ikaingia sauti ya Mwanasheria, tulivu kama maji ya mtungi. "Mheshimiwa, agizo lililotangazwa hadharani hufutwa hadharani. Ni jambo dogo. Simama hapo ukumbini, waambie wananchi kwamba siku ile uliposema moja kwa moja ulikuwa na maana ya laivu, basi. Ukimaliza tu kutamka, tunawasha."

Mheshimiwa akaitazama simu. Akautazama ukumbi. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akachukua kipaza sauti. Hata waliokuwa kwa Mama Mlango waligeuka. Nililiona neno lile linapanda, likafika kooni, likasimama hapo.

"Ndugu zangu wananchi," akasema. "Vinywaji bado vipo. Karibuni."

Akakaa. Nilimheshimu sana, kwa sababu si kila kiongozi angeweza kujizuia vile.

Lakini Nyuki walikuwa wanafungwa, na yeye ni binadamu. Muda si mrefu aliinuka tena, safari hii bila kipaza sauti, akaelekea ukutani. Mtu ambaye barabara hufungwa ili apite alisimama nyuma ya umati kwa ncha za vidole.

"Samahani, nipisheni kidogo."

"Tulia bwana, wote tunataka kuona."

"Jamani, si Waziri huyu?"

"Waziri arudi akae na nembo yake."

Wakamsukuma, wakamsogeza, mpaka akabanwa kwenye ukuta kabisa, pembeni ya kiti cha mama. Hapo ndipo mama akapiga ukelele. Simu yake ni ya zamani, haina betri ya kutegemea, inaishi kwa waya, na soketi ya ukumbi ilikuwa imelegea. Plagi ilikuwa inataka kudondoka.

"Inakatika! Inakatika! Nani yuko hapo ukutani? Wewe mwanangu mnene, hebu nishikie hiyo plagi. Piga goti, iko chini. Iinamishe. Sivyo, kidogo tu. Rudisha. Hapo! Hapo hapo, usitikisike!"

Mheshimiwa alikuwa amepiga magoti. Picha ikatulia, watu wakashusha pumzi. Kutoka pale chini alipokuwa, katikati ya miguu ya viti na mikoba ya watu, hakuweza kuona chochote.

"Nini kinaendelea?" akauliza.

"Nyamaza, utasikia."

Na ikasikika. Dakika za mwisho kabisa, beki wa Wapagazi aliunawa mpira ndani ya boksi, na refa akanyoosha kidole kwenye nukta nyeupe. Penalti ya Nyuki.

Mheshimiwa aliposikia neno "penalti" alitaka kuinuka, mikono ikamrudisha chini kwa mabega. "Kaa! Utakata!" Akakaa. Alikuwa amezielewa hesabu haraka kuliko sisi sote. Ikiingia, Nyuki wamepona, matokeo ni moja kwa moja, agizo limetimia, skrini inawaka, na yeye anasimama kama mtu mzima. "Funga," nilimsikia akinong'ona na ukuta. "Funga, baba, funga."

Mimi nami nikaona wajibu wangu. Nilipenya mpaka sikioni kwa mama.

"Mama, hii ikiingia utamwona pale. Skrini nzima. Mkubwa kama nilivyokuahidi."

Mama akatazama kitambaa kile kikubwa cheupe chenye nembo. Akatazama kiganja chake, ambako mwanae alikuwa amesimama golini, mdogo kama punje, kichwani kwake zinaning'inia nyuzi za mtandio.

"Niondolee hapo, baba," akasema. "Simtaki mkubwa. Namtaka adake."

Mpigaji akarudi nyuma. Akakimbia. Niliona kwa macho yangu, katikati ya vichwa viwili: Mlango aliruka kulia, mwili wote umenyooka hewani, lile goti bovu likimfuata nyuma, na kiganja kikaukuta mpira pale pale ulipokuwa unaingia. Ukatoka nje.

Watu waliruka juu ya viti. Mama hakuruka. Aliweka mkono mdomoni, machozi yakamtiririka juu ya vidole, akawa anamwambia kila aliye karibu, "Karuka. Mmeona? Mwanangu karuka." Nilimwambia ndiyo, tumemwona.

Filimbi ya mwisho ikapulizwa. Moja bila. Skrini kubwa ikaendelea na nembo na muziki wa kutuliza.

Magari ya ujumbe yalikuwa yanasubiri nje, na balozi alikuwa ameandaa hafla. Mheshimiwa aliniita kutoka chini kwa sauti ya kukwama. "Kaimu. Njoo unipokee hii kitu." Nikainama. Nilipoigusa tu plagi, picha ikayumba, na mama, ambaye wakati huo mdogo wake alikuwa ameshavamia uwanja na kumkabidhi Mlango simu, aligeuka mkali.

"Aa-aa! Mwacheni huyo huyo. Ndiye anayeijua pembe yake. Wewe utaikata."

Nikamtazama Mheshimiwa. Akanitazama. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu wote nilikataa kukaimu.

"Mama!" uso wa Mlango ulikuwa umejaa simu nzima, na jasho na majani. "Mama, umeniona?"

"Nimekuona, baba. Nimekuona yote."

"Nani huyo anaguna hapo chini?"

Mama akachungulia ubavuni mwa kiti, akavua viatu, akajiweka sawa.

"Kuna kijana mmoja hapa ananishikia waya. Hana haraka. Haya niambie, goti likoje?"